Kilichokuwa Chini ya Diski ya Pili

Hodan, mwanangu, hooyo wangu,

Umeenda kumuaga adeer yako Gurey. Nimekuruhusu kwa sababu ni ndugu wa baba yako, na msichana haondoki nyumbani bila kumuaga ndugu wa baba yake. Lakini ulipofunga lango niliuma meno mpaka taya likaniuma. Sasa alasiri imepita, duka nimelifunga mapema, nimekaa kwenye kile kiti cha wateja wa picha za pasipoti, na shuka jeupe bado liko nyuma ya kichwa changu. Ningeweza kuchapa, vidole vyangu vinajua. Nimetaka uone mwandiko wangu wa ngumbaru, ule unaopanda na kushuka, ukiusoma huko chuoni Nyeri ujue ni mimi.

Habari za sweta, za dawa ya kifua, za kutokubali soda kwa mtu usiyemjua, nimekwambia mpaka umeanza kuniiga sauti mbele ya bibi yako. Sirudii. Nataka nikwambie mambo ambayo sikuwahi kukwambia yote pamoja, halafu nikwambie nitafanya nini Alhamisi.

Naanza na kosa langu la kwanza, maana bila hilo Gurey asingepata mlango wa kuingilia.

Hiki kiwanja, pamoja na duka hili na vyumba viwili vya nyuma, kilinunuliwa kwa mbuzi zangu. Hazikuwa za baba yako. Ni mbuzi nilizopewa na mama yangu, nikazichunga mwenyewe kutoka kule Ijara, na nilipoziuza hapa sokoni Garissa nililia kama mtu anayezika. Siku ya kuandikisha kiwanja nilikuwa sina kitambulisho. Nilikuwa nimeshaenda kukiomba. Wakaniuliza jina la babu wa babu, wakaniuliza chifu gani ananijua, wakaniambia rudi kesho na mzee wa kukushuhudia. Niliona aibu kuhojiwa mbele ya foleni kama mwizi wa jina langu mwenyewe, sikurudi. Baba yako akasema, "Habiba, basi tuandike jina langu, kwani mimi na wewe ni watu wawili?" Nikakubali kwa moyo mweupe. Hasira yangu ya siku moja, ya foleni moja, ndiyo iliyotupeleka huku kote. Kitambulisho nilikipata miaka mitatu baadaye, lakini kiwanja kilikuwa kimeshaandikwa.

Unakumbuka siku ulipofunga diski ya pili? Ulikuwa likizo. Baba yako alikuwa bado anatembea, na kompyuta ilikuwa imejaa harusi za watu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa kambi ya Ifo na barua za watu wanaotafuta ndugu zao, mpaka ikawa inakataa hata picha moja. Ile Windows ya zamani ulishaifukuza, kila flashi ya mteja ilikuwa ikija na ugonjwa wake, ukatuwekea Linux. Mimi nikasema hii ni mashine ya wanajeshi, skrini nyeusi na maandishi tu. Ukanicheka. Ukafungua tumbo la kompyuta, ukachomeka diski uliyoagiza kwa dereva wa basi, ukaniambia, "Hooyo, kaa hapa, tutafanya wote."

Ukaandika lsblk, zikatoka diski mbili kwenye orodha, kubwa na ndogo. Ukaniambia hapa ndipo watu wanapolia, ukikosea jina ukafomati diski yenye vitu, umechoma nyumba yako mwenyewe. Nilikushika mkono. Nilisoma majina yale mara tano kabla sijakuruhusu ubonyeze. Halafu ukatengeneza folda tupu, ukaniuliza iitwe nani, nikasema AMANA, kwa sababu ndani yake vitakaa vitu vya watu. Ukaniambia folda ni sakafu tu, na diski ikiunganishwa hapo ni kama mkeka umetandikwa juu yake: kila utakachoweka kitakaa kwenye mkeka.

Diski ikanikatalia kuandika. Ukasema inamjua mwenye mashine tu, anaitwa root, na mimi ni mgeni. Nikakuuliza, nimeinunua mimi, inanikataaje? Ukasema amri ya kubadilisha mwenye kitu, chown, ulishaitoa, mbona inakataa, mpaka ukashika kichwa ukacheka: mara ya kwanza ulikuwa umeitoa kabla ya kutandika mkeka, kwa hiyo umenipa sakafu, hukunipa mkeka. Ukaitoa tena, ikakubali, ukahamishia huko harusi na vyeti vyote, diski ya zamani ikapata nafasi. Baba yako alikuwa mlangoni na kikombe chake, akasema, "Hiyo amri ingekuwepo ya viwanja, leo ningeitoa." Tukacheka sote watatu. Mimi nilicheka kidogo kuliko nyinyi.

Ukarudi shule. Kitu kimoja hukufanya: hukuiandika diski kwenye lile faili linalosomwa mashine inapoamka. Sikulaumu, ulikuwa mtoto wa kidato cha tatu. Stima ikapotea siku mbili, iliporudi kompyuta ikaamka bila mkeka, na mimi sikujua. Niliona AMANA ni tupu, nikadhani umehamisha vitu mahali pengine ukasahau kuniambia. Ndiyo wiki ile baba yako aliposhindwa kuamka.

Hili la wiki ile nataka ulijue lote.

Mvua ilikuwa imekata barabara, wazee hawakuweza kufika, alikuwepo Gurey peke yake. Baba yako akaniambia niwashe simu nimpige video. Nikasema, picha ya nini, wewe utapona. Akasema, "Washa, Habiba." Nikawasha. Akasema jina lake na la baba yake. Akasema kiwanja hiki si chake, ni cha Habiba, alikinunua kwa mbuzi zake, na jina lililoko kwenye karatasi limekaa pale kwa sababu mke wake hakuwa na kitambulisho. Akasema, nikifa kisigawanywe na mali yangu, maana si mali yangu. Halafu akamgeukia ndugu yake. "Gurey, umesikia?" Gurey akasema, "Nimesikia, walaal, ndugu yangu. Kiwanja ni cha Habiba. Mimi ni shahidi, na Mungu ni shahidi."

Hivyo ndivyo alivyosema. Kwa mdomo wake, uso wake kwenye kamera, na ile kofia yake ya kijani.

Nikaiweka video kwenye AMANA. Baba yako akafariki. Ukaja kwa mazishi, na baada ya siku kadhaa ukaamsha kompyuta, ukaona diski haijaunganishwa, ukaiunganisha, na safari hii ukaiandika kwenye faili na ile namba yake ndefu ili ijifunge yenyewe kila asubuhi. Harusi za watu zikarudi, vyeti vikarudi. Video haikuwepo. Nilikaa chini nikalia, nikasema mimi mjinga sikujua hata kuihifadhi. Bahati ilikuwa bado kwenye simu, nikaiweka tena, na nilipoiona imekaa vizuri nikaifuta kwenye simu nipate nafasi. Niliiamini diski kama watu wanavyomwamini mjomba. Hilo ni kosa langu la pili.

La tatu ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Eda yangu ilipokwisha, Gurey alikuja na wazee kuniomba. Unaijua desturi yetu ya dumaal, mjane anachukuliwa na ndugu wa marehemu ili watoto wasipotee. Wako wanawake walioikubali wakaishi vizuri, siisemi vibaya. Mimi nilisema hapana, kwa adabu, nikamwaga chai vikombeni kama kawaida. Aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi sokoni. Mwezi haukuisha akasema kiwanja ni cha ndugu yake, marehemu hakuacha mtoto wa kiume, yeye ana fungu lake na anataka kiwanja kiuzwe kigawanywe.

Wazee wakaitisha kikao. Mimi nimekaa nyuma na shela yangu, na Gurey anasema, "Ndugu yangu hakuwahi kuniambia neno kuhusu kiwanja. Nani alitusikia?" Hodan, damu ilinipanda machoni. Nilisimama nikapiga kelele, "Muongo! Maneno yako ninayo! Yako ndani ya kompyuta, kwenye diski ya pili, na uso wako unaonekana!"

Kwa nini nilisema diski ya pili? Nani aliniuliza? Nilitaka aogope. Nilitaka kumwona akitetemeka siku ile ile, sikuweza kusubiri hata magharibi. Mtu anayekuchukia ukimwonyesha ulikoficha fimbo yako, ataifuata usingizini. Siku ya tatu nilienda kumpeleka bibi yako hospitalini, na Gurey akaja na fundi, akafungua duka kwa ufunguo wa baba yako, wakatoa diski. Jirani alipomuuliza akamjibu bila aibu, "Hii kompyuta ni ya ndugu yangu, nachukua mali ya ndugu yangu." Harusi za watu zikaenda. Vyeti vya watoto wa kambini vikaenda. Mama mmoja wa Ifo alikaa kwenye kiti hiki nilichokalia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina picha ya mwisho ya mwanawe, nikamwambia sina.

Kikao cha pili, Gurey alikunja miguu, akafungua mikono mbele ya wazee. "Haya, mama wakili wa ngumbaru. Leta hayo maneno yangu tuyasikie." Wakacheka. Sikusahau hata mmoja aliyecheka. Ninajua nani alifunika mdomo na nani aliacha meno nje.

Nilikaa kimya. Kimya kile ndicho kitu cha kwanza cha akili nilichofanya katika mambo haya yote, na hata hicho nilikifanya kwa kuishiwa maneno.

Kompyuta ilikuwa haiamki. Inatafuta diski, inasubiri, inasubiri, halafu inaleta ile skrini nyeusi. Nilidhani imekufa, nikaifunika kitambaa. Ulipomaliza mtihani ukaja, ukaangalia, ukasema, "Haijafa, hooyo. Inangoja mtu ambaye hatakuja." Ukaweka alama moja mbele ya ule mstari kwenye faili ili isiisome tena, ikaamka. Ukaifungua AMANA unionyeshe kwamba ni tupu, tuikubali habari tuendelee na maisha.

Haikuwa tupu.

Uliniona nilivyopiga magoti. Ukanieleza mara tatu kabla sijaelewa: siku ile nilipoihifadhi video mara ya kwanza mkeka haukuwepo, niliiweka sakafuni, na wewe ukaja ukatandika diski juu yake. Haikupotea. Ilikuwa chini yake siku zote, mimi nakanyaga juu naenda na kurudi, na hakuna mtu angeiona mpaka mtu aje akunje mkeka. Gurey alikuja akaukunja. Kwa mkono wake na fundi wake.

Nilitaka kukimbia nyumbani kwake usiku ule. Ulinishika shela. "Hooyo, mara hii nyamaza." Nikanyamaza. Mwezi mzima nimekutana naye njiani, nimemwambia asalamu aleikum, shemeji, na ameniitikia huku anacheka ndani ya ndevu zake. Kila salamu niliifurahia. Mungu anisamehe, nimenenepa kwa furaha hiyo.

*

Umerudi. Nimeiacha karatasi nikakufungulia, na sasa uko nyuma unafunga begi na mimi naendelea. Nataka niandike tulivyosema hapa mlangoni, kwa sababu nilikujibu kwa ukali.

Ulikuja na mkebe wa nyirinyiri, nyama ya kukaanga, samli bado ya moto. Ukasema, "Adeer amenipa ya njiani. Amesema anakusalimu."

"Kwa mdomo upi? Anayo miwili."

"Hooyo."

"Umemwambia?"

"Sikusema kitu. Wallahi." Ukaweka mkebe mezani. "Amezeeka, hooyo. Mkono unamtetemeka."

"Ulitetemeka alipofungua duka langu?"

Ukasukuma mkebe katikati ya meza. Halafu ukasema, "Mwonyeshe peke yake kwanza. Atajiondoa mwenyewe kwenye kesi, kiwanja kitabaki chako, na hakuna atakayejua. Unataka kiwanja au unamtaka yeye?"

Nikakwambia kafunge begi lako.

Sasa nakujibu vizuri, kwa sababu swali lako lilikuwa zuri na wewe si mtoto tena. Nataka vyote viwili. Alinidharau mbele ya watu, siwezi kuponyeshwa chumbani. Nikimwonyesha peke yake ataondoka kimya, na wale waliocheka watabaki wanaamini kwamba mama wa ngumbaru alisema uongo. Watakwambia hata wewe siku ya harusi yako. Pengine mama mwingine mwenye roho pana angeweza. Mimi nimejitazama, sina roho hiyo, na sitaki uondoke ukinifikiria kuwa mzuri kuliko nilivyo.

Basi sikia nitakavyofanya. Leo asubuhi ulipokuwa kwa bibi yako niliifunga diski mpya mwenyewe. Peke yangu, na lile boksi la majani ya chai uliloniandikia amri limeegemea ukutani. Nilisoma majina mara tano. Nilifomati, nikaitandika juu ya AMANA, nikajipa umiliki baada ya kutandika na si kabla, nikaandika namba ndefu kwenye faili tarakimu kwa tarakimu, nikaongeza lile neno la kuifanya mashine iamke hata diski isipokuwepo. Nikaijaribu kabla ya kuzima, kama ulivyonifundisha. Nikazima. Nikawasha. Ikajifunga yenyewe. Hakuna aliyenipigia makofi, nikajipigia.

Alhamisi nitaibeba kompyuta kwenye kikao cha tatu cha wazee, na kioo chake. Nitafungua AMANA mbele yao, na itaonekana tupu. Nitamwacha acheke. Nataka kicheko hicho kiwe kirefu. Halafu nitaandika amri ya kuondoa mkeka, umount, sitaibonyeza. Nitamwambia, "Shemeji, wewe ndiye unayejua kutoa diski. Bonyeza hapa." Atabonyeza, kwa sababu ana kiburi na kwa sababu watu wanatazama. Na uso wake utatokea, na kofia ya kijani, na baba yako.

Nakala nyingine usiogope. Nimejifunza. Moja iko kwenye diski ndogo ndani ya begi lako, nimeifunga kwenye leso ya bluu, usiitoe. Moja iko kwa bibi yako ndani ya mkebe wa chai, hajui ni nini, anajua tu kwamba asiwaache watoto wauchezee na asiuguse yeye mwenyewe.

Na kuna jambo moja zaidi. Leo kabla ya kufunga diski niliiangalia ile video mpaka mwisho. Sikuwahi. Kila mara nilikuwa naizima akisema "Mimi ni shahidi," kwa sababu hicho ndicho nilichokitaka na sauti ya baba yako ilikuwa inaniumiza. Lakini siku ile sikuizima simu, niliiegemeza kwenye jagi nikaenda jikoni, nayo ikaendelea. Baba yako anasema ana kiu. Gurey anaangalia huku na huku, mimi sipo. Anachukua kijiko, anachovya kwenye kikombe, anamshika ndugu yake kichwa kwa nyuma, anamnywesha. Kijiko kimoja, kingine. Maji yanamwagika kidevuni, Gurey anayapangusa kwa kofia yake ya kijani, halafu anaivaa tena ikiwa imelowa. Anamwambia, "Polepole, walaal, polepole." Ni dakika nne. Hasemi kingine.

Niliitazama mara mbili. Nikajiuliza kama itanilainisha, kwa sababu najua ukiiona wewe itakulainisha. Nilikaa nikangoja. Haikunilainisha, Hodan. Ilinipa kitu nilichokuwa nakitafuta na sikukijua jina. Nilikuwa nimepanga kuizima video baada ya maneno ya ushahidi, wazee wasipoteze muda. Sasa sitaizima. Itaenda mpaka mwisho, mbele ya wote waliocheka, na Gurey atakaa pale dakika zote nne amtazame mtu aliyekuwa yeye. Sina adhabu kubwa kuliko hiyo na siitafuti.

Kula ile nyirinyiri. Ni yako, umepewa na ndugu wa baba yako, na anaipika vizuri, siwezi kusema uongo.

Kesho alfajiri nitakusindikiza na sitalia mbele ya watu wa basi, nimeshalia leo ya kutosha. Alhamisi baada ya adhuhuri uwe karibu na simu. Ukiniona napiga, usiniulize afya wala kiwanja. Nitakwambia neno moja tu, amebonyeza, halafu nitanyamaza, na wewe unyamaze na mimi kidogo kwenye laini.

Mimi mama yako,
Habiba, mwenye kiwanja